Miaka ya Kuutafuta Ukimya: Studio Yetu ya Tanga Tangu 1998

Mtu akiingia studio kwetu kwa mara ya kwanza, aghalabu huuliza kuhusu mashine. Huuliza tunatumia programu gani, maiki ile ndefu ilinunuliwa wapi, spika zile ni za bei gani. Ni maswali ya haki na huwa nayajibu. Lakini mtu anayetaka kujua jinsi studio hii ilivyokua, huwa namwomba kwanza avue viatu, aingie chumba cha kuimbia, nifunge milango yote miwili, kisha akae humo dakika moja bila kusema neno. Atasikia pumzi zake, halafu atameza mate na kushangaa kwamba amejisikia akimeza. Ukimya huo ndio tulioujenga kwa zaidi ya miaka 25, na umetugharimu fedha na nguvu kuliko mashine yoyote iliyopata kuingia humu ndani.

Tulianza mwaka 1998 eneo la Ngamiani, mjini Tanga, katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yangu. Kilikuwa chumba cha futi 11 kwa futi 11, kuta za matofali ya saruji, bati juu bila dari, dirisha moja la mbao. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alirudi safari moja na kinasa sauti cha Tascam cha njia nne, kilichokwisha kutumika, akaniambia nikitunze. Mimi nilikuwa na maiki moja ya Shure SM58, kinanda na hedifoni. Kinasa kile kilitumia kanda zilezile za kawaida zilizouzwa madukani, ila kiliziendesha kwa kasi mara mbili na kuandika njia zote nne kwa upande mmoja, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ilikupa dakika 15 tu za kazi. Ukitaka sauti zaidi ya nne, ulirekodi njia tatu, ukazichanganya na kuzihamishia kwenye ya nne, kisha ukafuta zile tatu na kuanza kuzijaza upya. Kila uhamisho uliongeza mchakacho wa kanda, na kila uamuzi ulikuwa wa kudumu: tumba ikishapita juu ya besi katika mchanganyiko ule, hakuna siku itakayoshuka tena.

Huenda msomaji wa leo asielewe kwa nini chumba kama kile kilipata wateja. Tanga ni mji ambako bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka, na ni hapa ambapo Black Star Musical Club, katika miaka ya 1960, walilipa gitaa la umeme na besi nafasi ndani ya taarabu, wakabadilisha namna taarabu inavyosikika pwani nzima. Hata hivyo wasanii wa mji huo hawakuwa na mahali pao pa kurekodia. Kwa miaka mingi nchi nzima iliitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi iliingia chumba kimoja na kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho wote kwa pamoja, na aliyetaka santuri ilibidi aangalie ng'ambo ya mpaka, Mombasa au Nairobi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikaanza 1994, na redio hizo zilihitaji nyimbo mpya kila wiki. Dar es Salaam zikachipuka studio za watu binafsi ambazo majina yake tulikuwa tukiyasoma nyuma ya kanda: Mawingu, MJ Production, Bongo Records. Kijana wa Tanga aliyekuwa na nauli alipanda basi akaenda huko. Asiye na nauli alikuja uani kwa mama.

Kelele ya kwanza kupambana nayo ilikuwa mashine ya kusaga, nyumba mbili kutoka kwetu. Ilianza saa mbili asubuhi na kunyamaza magharibi. Hatukuhitaji hata kuisikia kwa masikio. Ilitosha kuushika ukuta kwa kiganja ukaijua iko kazini. Tulifanya kile ambacho kila mtu hufanya, tukakusanya trei za mayai na kuzibandika ukutani kutoka chini hadi juu. Ilinichukua miaka kadhaa kukiri kwamba trei hazikuzuia chochote. Karatasi iliyofinyangwa hufyonza kidogo sauti nyembamba, kwa hiyo chumba husikika kimepoa na mtu hudhani amefanikiwa, lakini kinachozuia sauti isipite ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya, na trei ya mayai haina uzito wala haizibi mwanya. Mbaya zaidi, inashika moto kwa urahisi sana. Kijana anayesoma hapa na ambaye leo anabandika trei chumbani kwake, namwomba kwa dhati azitoe.

Aliyetuokoa na mashine ya kusaga ni kukatika kwa umeme. Umeme ulipokatika mtaa mzima, mashine ilinyamaza, redio za majirani zikanyamaza, na ghafla Ngamiani ikawa na utulivu wa kijiji. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, aliunganisha betri ya gari na inveta ndogo, na kuanzia hapo tukawa tunangoja umeme ukatike ndipo tuite watu. Tuligundua pia kwamba kanda zilizorekodiwa kwa betri zilikuwa safi kuliko nyingine: ule mvumo mzito uliokuwa ukikaa chini ya kila wimbo wetu haukuwepo.

Sababu yake niliielewa baadaye, nayo ni jambo ambalo ningetamani kila anayejenga studio alijue kabla ya kununua hata waya. Umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na usipofungwa vizuri huvuma kwenye mitambo kwa mtetemo huohuo na marudufu yake. Sasa, sauti inapogonga kuta mbili zinazotazamana, kuna mtetemo mmoja ambao nafasi iliyo kati ya kuta hizo huukuza kuliko mingine, na nafasi ya futi 11, yaani mita 3.35, huukuza mtetemo wa takribani 51 kwa sekunde. Chumba chetu kilikuwa mraba, kwa hiyo jozi zote mbili za kuta zilisaidiana kuukuza mtetemo uleule. Mpiga besi akigusa kituo cha tatu au cha nne cha waya mnene, chumba kizima kilinguruma, na akihamia kituo kingine sauti ilipotea. Tulikuwa tukiwalaumu wapiga besi wa watu kwa kosa la vipimo vya chumba.

Wateja wetu wakubwa tangu siku zile ni kwaya. Watu wanaoandika juu ya muziki wa nchi hii huandika habari za Bongo Fleva na kusahau kwamba studio za mikoani zililishwa na kwaya za makanisa, na kwa upande wetu wa pwani, na madrasa zilizorekodi kaswida. Vijana wa muziki wa kizazi kipya walikuja mmoja mmoja na nusu ya malipo. Kwaya ilikuja na watu wake wote, na mweka hazina mwenye daftari, na nyimbo kumi zilizofanyiwa mazoezi mwaka mzima.

Kwaya ya kwanza kuja ilikuwa ya watu 24, mwezi wa Aprili 1999, katikati ya masika. Chumba kiliingia watu 11. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mtulivu aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, alikitazama chumba, akaitazama maiki yetu moja, kisha akatoka na kuanza kuwapanga watu kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Sauti ya nne aliiweka ndani karibu na maiki, sauti ya tatu mlangoni, sauti ya pili kwenye baraza, na sauti ya kwanza, yenye akina mama wenye vifua vya kusikika hadi mtaa wa pili, aliipeleka uani kabisa chini ya mwembe. Akasimama kizingitini ili wote wamwone. Mimi nilikuwa nimezoea kudhani kwamba sauti hupangwa kwa vitufe. Alipoinua mkono na wakaanza, zile sauti nne zilifika kwenye maiki zikiwa zimekaa sawa kabisa, na hadi leo sijapata kuupanga wimbo vizuri zaidi kwa mashine.

Ubeti wa pili mvua ikaanza. Tone la kwanza kwenye bati, la pili, kisha lote. Nilisimamisha kanda na kumwomba radhi.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Mvua haina ugomvi na mtu. Tutaingoja."

Tuliingoja kwa muda wa saa tatu, watu 24 wakiwa wamebanana barazani na jikoni kwa mama, ambaye aliinjika chai sufuria mbili. Ilipokatika walirudia wimbo kutoka mwanzo. Siku ile nilijiwekea nadhiri kwamba siku nikijenga, juu sitaweka bati.

Kompyuta ilikuja mwaka 2003 na sitaki kuizungumzia sana, maana habari zake zinajulikana. Ilikuwa na diski ya gigabaiti 40 na kadi ya sauti yenye matundu mawili ya kuingizia, na programu ya kurekodia ya Cubase ikatupa njia nyingi kuliko tulizoweza kuzijaza. Uamuzi uliokuwa wa kudumu ukawa wa kubadilishwa wakati wowote, na hiyo ilikuwa neema na pia mtihani, kwa sababu wimbo uliokuwa ukimalizika kwa siku moja sasa ulikaa wiki mbili ukisubiri mtu aamue.

Mwaka uliofuata diski hiyo ilikufa. Ilianza kugonga kwa ndani, taratibu, kama kucha juu ya meza, na kufikia jioni haikusoma tena. Ndani yake kulikuwa na albamu nzima ya kwaya iliyobakiza nyimbo mbili, na kazi za vijana sita. Hatukuwa na nakala. Nilikwenda mwenyewe hadi kanisani siku ya mazoezi nikasimama mbele yao na kuwaeleza. Walirudi kurekodi upya bila malipo, lakini mmoja wa waimbaji wao wa sauti ya kwanza alikuwa amekwisha kufariki katikati, na sauti yake katika zile nyimbo nane haikuweza kurudishwa na yeyote. Tangu siku hiyo hakuna kazi inayolala hapa ikiwa na nakala moja. Zinakuwa tatu, na ya tatu hailali katika jengo hili. Wimbo wa dakika tano wenye njia 24, ukirekodiwa kwa ubora tunaoutumia sasa, hufika kama gigabaiti moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama zetu za kila mwaka ni diski ambazo mteja hazioni.

Kisha ukaja mgao wa umeme wa mwaka 2006. Ukame ulikuwa umeyashusha mabwawa, na umeme ulikatwa saa nyingi za mchana. Ile mbinu ya betri haikutosha tena, kwa sababu kompyuta, spika na feni zilihitaji nguvu nyingi kuliko kinasa cha kanda. Tulinunua jenereta, na jenereta ikaturudishia kelele ambayo zamani kukatika kwa umeme kulituondolea. Tuliisogeza hadi mwisho wa ua. Sauti iliyo nje hupungua kwa desibeli sita hivi kila umbali unapozidishwa mara mbili: kutoka mita tano hadi kumi unapata nafuu kubwa, lakini ili upate nafuu hiyohiyo tena unahitaji mita 20, halafu 40, na ua wetu uliishia mita 14. Tulijenga kibanda cha matofali kuizunguka, tukagundua inachemka, tukatoboa matundu ya hewa, sauti ikatoka kupitia matundu. Mwaka mzima wa 2006 tulirekodi chini ya nusu ya kazi tulizorekodi mwaka uliotangulia. Nilifikiria kufunga. Mama ndiye aliyesema kwamba kama tatizo ni nyumba, basi tutafute nyumba, tuache kununua mashine za kupigana na nyumba.

Mwaka 2008 tulianza kujenga kwenye kiwanja nje kidogo ya mji, upande wa njia ya Pangani, kwa fedha za akiba, mkopo wa kikundi na kuuza shamba dogo la minazi. Hii ndiyo sehemu ya historia yetu ninayoipenda kuisimulia.

Tulijenga chumba ndani ya chumba. Ukuta wa nje ni wa matofali ya inchi sita yaliyojazwa zege matundu yake, ukapigwa lipu pande zote. Ndani yake, kwa nafasi ya kama sentimita kumi, umesimama ukuta mwingine wenye msingi wake wenyewe, na kuta hizi mbili hazigusani popote. Mafundi hawakuamini kwamba hilo nalitaka kwa makusudi. Siku moja nilikuta fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, ameweka vipande vya matofali katikati ili kuta "zishikane", na ikabidi tuvitoe kimoja kimoja kwa nondo iliyopindwa, kwa sababu kipande kimoja tu kinatosha kuwa daraja la kuvushia mtetemo wa lori kutoka barabarani hadi kwenye maiki. Vipimo vya chumba havikuwa mraba: mita 6.1 kwa 4.6, urefu wa kwenda juu 3.1, ili mtetemo mkuu wa kila upande usiungane na wa mwenzake.

Juu tulimimina zege. Slabu ile ilikula karibu nusu ya fedha zote, na ndugu waliona nimechanganyikiwa, jengo la chini kuwekewa slabu kana kwamba nataka kuongeza ghorofa. Masika ya kwanza baada ya kuhamia, mvua kubwa ilinyesha siku tuliyokuwa na kikundi cha taarabu. Nilimwona mpiga fidla kupitia kioo akiendelea kupiga kwa macho yaliyofumba, wakati nje maji yalikuwa yakishuka kama yanamwagwa kwa ndoo. Hakuijua habari ya mvua mpaka alipotoka kwenda kuswali.

Milango iko miwili, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umejazwa mchanga mkavu uliochekechwa. Kuziba mianya ya milango kulitushinda kwa muda, mpira wa dukani ulikuwa ghali na haukukaa, hadi fundi seremala alipokata mipira ya ndani ya baiskeli kwa urefu, akaikunja mara mbili na kuipigilia pembezoni mwa fremu. Ukifunga mlango unasikia hewa ikibanwa. Kioo cha kati ya chumba cha kuimbia na chumba cha mitambo ni viwili, kimoja milimita sita na kingine kumi, kwa sababu vioo vyenye unene sawa hutetemeka pamoja na kuipitisha sauti ileile.

Hayo yote ni ya kuzuia. Kufyonza mwangwi wa ndani ni kazi nyingine, na hapa ndipo mji wetu ulipotusaidia. Vitambaa na sponji za studio za nje zilikuwa nje ya uwezo wetu. Lakini tuko Tanga, mkoa ambao Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai, na mashamba yake yakaujenga mji huu. Nyuzi fupi za katani, zile zinazobaki baada ya singa ndefu kuchambuliwa, tulizipata kwa bei ndogo sana. Tulizichovya katika maji ya boraksi ili zisishike moto wala kuliwa na wadudu, tukazianika siku nne juani, tukazijaza katika fremu za mbao zenye unene wa sentimita 15 na kuzifunika kwa kitambaa cha gunia. Pembeni, zinapokutana kuta, ambako besi hujikusanya, tuliweka fremu za pembetatu kutoka sakafuni hadi juu. Mwezi wa kwanza chumba kilinuka kama ghala la kamba. Wageni kutoka Dar es Salaam huzishika fremu zile na kuuliza zimeagizwa wapi.

Joto ndilo lililobaki. Chumba kisichopitisha sauti hakipitishi hewa, na Tanga ni mji wa joto na unyevu. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukizima kiyoyozi kila tunaporekodi na kukiwasha kila baada ya wimbo, na gitaa zikawa zinaacha tuni kwa kupoa na kuchemka. Unyevu nao uliziingia maiki za kondensa, zile zenye usikivu mkubwa, zikaanza kutoa vishindo vidogo katikati ya wimbo. Tangu hapo kila maiki hulala kwenye sanduku lenye vifuko vya kufyonza unyevu, ambavyo tunavikausha juani kila baada ya wiki mbili. Suluhisho la hewa tulilipata mwaka 2011: njia pana ya mbao yenye kona nne, iliyopangwa katani ndani yake, ili hewa ya baridi iingie polepole na sauti ya mashine ife njiani kwenye kona.

Mwaka tuliojifunza habari ya hewa ndio pia tuliojifunza habari ya karatasi. Katika miaka ya kanda, msambazaji mmoja wa Dar es Salaam alichukua masta, yaani rekodi za asili, za wasanii wetu watatu kwa malipo ya mara moja, na waliporudi kuuliza habari ya mauzo waliambiwa hakuna kilichoandikwa. Ilikuwa kweli, hakuna kilichoandikwa. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, iliundwa chini yake, lakini sheria haimsaidii mtu asiye na hati mkononi. Sasa hakuna anayeimba hapa kabla ya kusaini ukurasa mmoja wa Kiswahili kinachoeleweka, unaosema nani ametunga, nani amepiga, nani anamiliki masta, na studio inadai nini. Wengine huona tunachelewesha kazi. Nisingekubali tena kazi bila ukurasa huo hata angekuja nani.

Zamani masta ya kwenda Dar es Salaam tuliifunga kwenye bahasha na kumkabidhi konda wa basi, tukapiga simu jioni kuuliza kama imefika. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, na intaneti ikashuka bei mwaka hata mwaka, bahasha ikatoweka. Vilevile ikatoweka sehemu ya wateja wetu. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi na maiki moja alianza kugonga biti na kuingiza sauti chumbani kwake, na kazi nyingine ni nzuri kweli. Kati ya 2014 na 2017 mapato yetu kutoka kwa vijana yalishuka hadi karibu kuisha. Kilichotubakiza ni kile ambacho hakiingii kwenye kompyuta ya mkononi: kwaya ya watu 35 inayotaka kuimba pamoja, ngoma halisi, fidla na ganuni, msomaji wa vitabu anayehitaji saa nne za ukimya mfululizo. Wale vijana nao wamekuwa wakirudi, wakiwa na biti zao tayari, wakitaka chumba cha kuimbia tu.

Kazi iliyoongezeka bila sisi kuitangaza ni ya kanda za zamani. Watu huleta kanda za harusi, za mawaidha, za babu akisimulia, za vikundi vya taarabu ambavyo havipo tena. Kanda za pwani huota ukungu. Tunazihamisha kwenye maganda mapya yenye skurubu, tunausafisha ukungu kwa spiriti na pamba, halafu kwa kila kanda tunazungusha skurubu ndogo ya kichwa cha kusomea hadi sauti nyembamba zifunguke, kwa sababu kila mashine iliyorekodi zamani ilikuwa na mwelekeo wake. Mwaka jana alikuja binti wa yule mwalimu wa kwaya. Mzee ametangulia mbele za haki. Binti huyo alileta kanda ya Aprili 1999, ile ile, na nilipoisafisha nilisikia vizuri kabisa matone mawili ya mwanzo kwenye bati kabla sijasimamisha. Nilimuuliza kama niyakate.

"Hapana, kaka," akasema. "Baba alikuwa akiihadithia hiyo mvua."

Hivi sasa tuna kelele mpya. Jirani anajenga ghorofa, na mashine yake ya kuchanganya zege inatetemesha ardhi yenyewe, na mtetemo wa ardhini hauzuiliwi kikamilifu hata na misingi miwili. Kwa miezi miwili tumekuwa tukirekodi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi, kabla ya adhana ya alfajiri. Watu wazima wanavumilia, lakini tuna madrasa yenye watoto 18 wanaotakiwa kumaliza kaswida zao kabla ya Maulidi, na mtoto hawezi kuimba usiku wa manane. Juzi nilikwenda kumwona jirani, tukanywa kahawa, nikamchukua nikamwingiza chumba cha kuimbia na kumwonyesha kwenye skrini mstari ukiruka kila mashine yake inapozunguka. Alinyamaza kidogo, kisha akampigia simu msimamizi wa mafundi wake. Ijumaa, baada ya swala, mashine itazimwa hadi magharibi. Watoto wataingia saa nane na nusu, na dufu nimekwisha kuziweka ndani tangu leo zizoee hewa ya chumba.